Geuza Jiwe Uangalie Chini

Mwaka jana nilipata kibarua cha kuandika. Duka moja la mtandaoni, ambalo jina lake naliacha, lilitaka maelezo ya bidhaa 40: viboko, tembo, bakuli, vishikio vya mishumaa, na zile sanamu za mama na mtoto waliokumbatiana hadi hujui mkono upi ni wa nani. Zote za jiwe la sabuni. Zote kutoka Tabaka, kule Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii, ingawa duka lilitaka niseme tu "Afrika". Malipo: shilingi 150 kwa kila maelezo. Mimi ni mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, na mwezi huo landilodi alikuwa ameanza kuniita kwa majina yangu yote matatu. Nilikubali kabla sijamaliza kusoma meseji.

Maagizo yalijaa ukurasa mmoja. Tumia maneno kama "ya kale" na "asilia". Sema "mafundi", kwa wingi. Taja mikono yao. Taja vizazi. Kisha mstari wa mwisho, kwa herufi nzito: usitaje jina la mtu yeyote.

Bidhaa namba 17 ilikuwa mama na mtoto, jiwe la waridi, urefu wa shubiri moja hivi. Nikaikuza picha kwenye simu. Shingo ya yule mama imeinama kidogo kushoto, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Ni binamu yangu anayechonga shingo hivyo. Na kama ni yeye aliyechonga, basi aliyesugua ni magokoro, nyanya yangu, kwa sababu kazi za binamu yangu husuguliwa nyuma ya jikoni kwake, kwenye karai lenye ufa ulioziba kwa lami.

Bei kwenye duka ilikuwa dola 28, karibu shilingi 3,600. Magokoro hulipwa shilingi 15 kusugua kipande cha ukubwa ule. Mimi nililipwa shilingi 150 kukisifia. Nikaandika kwamba kimechongwa na mafundi wa Kiafrika kwa ustadi wa kale uliorithiwa kizazi hadi kizazi. Ilinichukua dakika nane.

Nikamaliza zote 40, nikapata elfu sita kwa M-Pesa, nikamtumia magokoro soo tano, na Desemba nikaenda nyumbani. Jioni moja akaniuliza ile kazi ya simu niliyoshinda nikiifanya ni gani. Nikamsomea namba 17, nikimtafsiria kwa Ekegusii. Alisikiliza hadi mwisho huku akisugua kiboko. Kisha akauliza: "Huyo fundi wa kale ni nani? Alikufa lini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Makala haya ni jibu langu, limechelewa kidogo. Pia ni mashtaka dhidi ya watu watatu: anayeuza kazi ya mikono bila jina, anayeinunua bila kuuliza, na anayeipamba kwa maneno matamu ili asiwepo wa kuuliza. Huyo wa tatu ni mimi. Wa pili, samahani sana, ni wewe.

*

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wetu tumeliona jiwe likiwa limeshang'aa kwenye meza ya mtu.

Kule Tabaka jiwe liko chini ya mashamba ya watu. Wanaume huchimba kwa sururu, mtaimbo na koleo, shimo linazidi kwenda chini, na hakuna nguzo ya kushikilia ukuta. Msimu wa mvua udongo hulainika. Machimbo yale yameshafukia watu, na kila familia ya huko ina hadithi isiyopenda kuisimulia. Jiwe hutoka likiwa jeupe, la rangi ya maziwa, la waridi, la kijivu. Likiwa bado na unyevu hukatika kwa msumeno wa kawaida. Mchongaji hutoa umbo kwa panga au shoka dogo, halafu anaingia na kisu, halafu tupa. Hana mchoro wowote mbele yake. Twiga yuko kichwani, au hayuko.

Hapo ndipo watu wengi hudhani kazi imeisha. Bado. Kinyago kilichotoka kwa mchongaji kina makovu ya kisu kila mahali. Hupelekwa kwa wanawake. Wao hukaa chini na karai la maji na vipande vya msasa, wa kukwaruza kwanza, kisha wa laini, kisha wa laini zaidi, wanasugua hadi jiwe liwe kama shavu la mtoto. Baadaye huja rangi kama ipo, michoro ya kukwaruzwa kwa ncha kali, nta, na kitambaa cha kung'arisha. Kisha kila kipande hufungwa kwa gazeti au majani makavu ya mgomba, huingia guniani, gunia hupanda basi la Nairobi.

Ncha za vidole vya magokoro hazina mistari. Miaka ya msasa imeifuta. Siku moja alienda mahali fulani kuchukua huduma inayotaka alama ya kidole, na mashine ikamkataa mara nne. Kijana wa pale akampanguza kidole kwa kitambaa, akajaribu tena, mashine ikakataa tena. Magokoro akarudi nyumbani na kitambulisho chake mkononi, jina lake limeandikwa pale vizuri kabisa, lakini mashine imesema hayupo.

Sitaki umwonee huruma. Huruma tunayo tele, tunaimwaga kwenye maoni chini ya video. Nataka uone tu kwamba kitu kile kilichomlisha ndicho kilichomfuta, na kwamba mimi, mjukuu wake, nililipwa kumalizia kazi hiyo ya kufuta.

*

Sasa kuna watu watakaoniambia: wewe kijana umesoma kidogo ukaacha katikati, huelewi. Sanaa ya Kiafrika ni ya jamii. Haikuwa na sahihi. Hayo mambo ya jina langu, jina langu, ni ya Wazungu.

Wazee wangu, twendeni Keroka.

Keroka ni mji ulio mpakani, upande huu Kisii, upande ule Nyamira. Siku ya soko utapata ekee, kile kikapu kilichosukwa kwa mabua ya wimbi, cha kuwekea ugali. Muulize mama anayekiuza kimesukwa na nani. Hatakuambia "mafundi". Atakuambia ni fulani wa kwa fulani, yule ambaye mumewe alikuwa mwalimu, na kama kimelegea utajua pa kukirudisha. Mama yangu ni wa Nyamira, na jikoni kwake kuna ekee tatu. Kila moja anaiita kwa jina la aliyeisuka. "Lete ya fulani." Huyo fulani alishakufa. Kikapu chake bado kinabeba ugali na bado kinaitika jina.

Au chukua obokano. Ni zeze kubwa la Wagusii lenye nyuzi nane, bakuli la mti limefunikwa kwa ngozi ya ng'ombe, sauti yake nzito hadi unaihisi kwenye kiti. Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni. Mjomba wangu alipiga obokano. Kila wimbo wake alijitaja mwenyewe ndani: mimi mwana wa fulani, kutoka ridge fulani, ninayeimba ni mimi. Alimtaja hadi aliyemchongea chombo. Angekuja mtu akamwambia kwamba sanaa yetu haina mwenyewe, mjomba angedhani anataka kumwibia.

Kwa hiyo hii habari kwamba utamaduni wetu hauna majina si kweli. Kijijini kila kitu kina mwenyewe. Jina linapotea njiani, mahali fulani kati ya gunia na meza ya Nairobi, na linapotea kwa sababu kuna mtu linamfaa likipotea. Broka hataki ujue ni nani amechonga, usije ukampigia simu. Mwenye duka hataki, kwa sababu kesho atataka viboko vilevile kwa mtu mwingine kwa bei ya chini zaidi, na kiboko kisicho na jina hakiwezi kulalamika.

Halafu tazama mahali kinapouzwa. Jumamosi, katikati ya jiji, soko linaitwa Maasai Market. Jiwe la Kisii, mchongaji Mgusii, msuguaji Mgusii, na jina lililoko juu ya soko ni la Wamaasai, ambao nao, kwa taarifa yako, hawakulipwa kitu kwa jina lao kutumika. Hiyo inaitwa kupoteza mara mbili.

*

Nilipokuwa natafuta maneno ya kupamba zile bidhaa 40, intaneti ilinipeleka mbali. Nikajikuta Alaska, nikisoma kuhusu wanasesere.

Wayup'ik ni watu wa kusini-magharibi mwa Alaska, kwenye nyanda za mito Yukon na Kuskokwim. Wanasesere wao hutengenezwa kwa kile nchi inachotoa: ngozi ya sili, utumbo wa sili uliokaushwa hadi ukawa kama karatasi inayopitisha mwanga, ngozi ya samaki, manyoya, na wakati mwingine uso wa pembe ya walrasi. Mwanasesere huvaa koti lenye kofia, kama ambavyo mtu mzima angevaa, limeshonwa kwa mshono uleule. Msichana alijifunza kushona nguo ya kumwokoa na baridi kwa kumshonea kwanza mwanasesere wake. Na kulikuwa na mwiko: wanasesere hawatolewi nje kuchezewa hadi ndege warudi na baridi iishe, la sivyo msimu wa baridi utaendelea.

Niliposoma hayo niliwakumbuka wanasesere wetu. Wasichana wa mtaa wetu kijijini walitengeneza watoto wao kwa gunzi la hindi, nywele ni zile nyuzi za hindi bichi, nguo ni ganda la mgomba. Kila mtoto alikuwa na jina. Ulikuwa ukimkanyaga mtoto wa mtu, ulipigwa.

Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa kwingine. Picha za wale wanasesere wa Alaska zilikuwa na majina chini yake. Jina la mtu, jina la kijiji. Kuna mama mmoja, Rosalie Paniyak wa kijiji cha Chevak, kwa Wacup'ik ambao ni ndugu wa karibu wa Wayup'ik, anayejulikana kwa wanasesere wake wa ngozi ya sili wenye sura za kuchekesha. Watu wanaosoma habari hizo humtambua mwanasesere wake kama mimi nilivyoitambua shingo ya binamu yangu. Tofauti ni kwamba wao wanaruhusiwa kusema.

Tena kuna nguvu nyuma ya hilo jina. Jimbo la Alaska lina alama inayoitwa Silver Hand, mkono wa fedha, inayobandikwa kwenye kazi ili kuthibitisha kwamba imetengenezwa na msanii mwenyeji wa Alaska. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu sanaa za wenyeji inafanya kuwa kosa la jinai kuuza kitu ukidai ni kazi ya wenyeji ilhali siyo. Kosa la kwanza linaweza kumletea mtu faini ya hadi dola 250,000 na kifungo cha hadi miaka mitano. Na si sheria ya kupamba kabati. Mwaka 2023 mfanyabiashara mmoja huko Alaska alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kuuza vinyago vilivyochongwa Ufilipino kana kwamba ni vya wenyeji.

Sisemi kule ni peponi. Kama kungekuwa peponi pasingekuwa na bandia za kushtakiwa. Watu wale walinyang'anywa mengi kabla ya kupewa stika. Ninachosema ni kidogo: mahali pengine duniani, mtu anayeshona ngozi ya sili kijijini kwao ana jina ambalo serikali imeona linafaa kulindwa kwa jela. Sisi tuna mstari wa herufi nzito unaosema usitaje jina la mtu yeyote.

*

Mtu atasema: lakini hata Kenya kuna sheria. Ni kweli, ipo, na ni nzuri ukiisoma. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Bunge likatunga: sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inazipa hata kaunti jukumu la kusajili maarifa na sanaa za watu wake.

Sasa chukua simu yako. Waulize marafiki kumi walio na kiboko cha jiwe kwenye meza kama wamewahi kuisikia hiyo sheria. Nitakungoja. Sheria ambayo mnunuzi haijui na muuzaji haihofii haina kazi sokoni.

Na tusijifiche nyuma ya serikali kila siku. Mimi na wewe hatuhitaji gazeti rasmi la serikali ili kuuliza swali moja mezani: nani amechonga hii?

Hatuulizi. Tunachouliza ni "mwisho ngapi?" Nimesimama pale sokoni nikawasikiliza watu wa rika langu. Mtu ameshika kikombe cha kahawa cha shilingi 350, kikombe ambacho, tazama vizuri, kimeandikwa jina lake kwa kalamu nyeusi. Muuza kahawa ameuliza jina lake! Na kwa mkono mwingine ameshika bakuli la siku mbili za kazi ya mtu, anasema mia nne ni nyingi, nipunguzie, niko na mia mbili, si hii ni jiwe tu.

Jina lako limo kwenye kikombe utakachotupa baada ya dakika ishirini. Lake halimo kwenye jiwe litakalomzidi umri mjukuu wako.

Kisha mtu huyohuyo atapiga picha, aweke mtandaoni, aandike kwamba tununue vya kwetu. Mazee, vya kwetu vya nani?

*

Nimesikia hoja nyingine, na hizi ni za watu makini, kwa hiyo nizijibu kwa heshima.

Ya kwanza: mnunuzi hajali jina. Anataka kitu kizuri tu. Labda. Lakini nenda Dar es Salaam uangalie michoro ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alikuwa kibarua aliyechora kwa rangi za kawaida za mafuta kwenye vibao vya dari, kazi ya kuwauzia wapita njia. Aliandika jina lake kwenye picha. Alikufa mwaka 1972, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake, na waliomfuata huandika majina yao pembeni mwa picha, hata zile ndogo za watalii. Mtalii hana shida nalo. Analinunua pamoja na picha. Na Tabaka yenyewe imemtoa Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye ndege wake wa amani amewekwa makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Jiwe ni lilelile, kilima ni kilekile, na hakuna aliyesema jina lake linaharibu mandhari.

Ya pili: si kila kiboko ni sanaa. Binamu yako huchonga viboko thelathini kwa wiki. Hiyo ni bidhaa. Sawa, ni bidhaa. Hata betri ina jina la aliyeitengeneza. Hata pakiti ya majani ya chai ya kwetu Nyamira ina namba, tarehe na kiwanda, ili ikiwa na kasoro mtu awajibike. Kama ni sanaa, iwe na jina kwa sababu ni sanaa. Kama ni bidhaa, iwe na jina kwa sababu ni bidhaa. Nitajie kitu cha aina ya tatu kinachostahili kutokuwa na jina kabisa.

Ya tatu ndiyo inayoniumiza kichwa. Iliulizwa na binamu yangu mwenyewe. Nilimwambia aandike jina lake chini ya vinyago, akakubali haraka, akachukua msumari. Halafu akasimama, akasema: "Na aliyechimba je? Na magokoro je? Nikiandika mimi tu, si nitakuwa nimefanya kile broka anafanya?"

Nilikuwa nimekuja na hoja yangu imepigwa pasi kabisa, na mtu mwenye vumbi hadi kwenye kope akaikunja.

Ana haki. Hata pale ambapo mchongaji ameshapata jina, wanawake wanaosugua hawajapata. Maonyesho yakiandaliwa mjini, anayealikwa ni mwanamume mwenye patasi. Kwenye picha za magazeti utaona panga, utaona misuli. Karai liko nyuma, limekatwa na fremu. Tukidai majina tukaishia kwa wachongaji, tutakuwa tumepandisha watu ngazi moja na kuwaacha mama zao chini.

Jibu nililompa ni hili, na sina bora zaidi. Filamu ya Riverwood, hata ile iliyopigwa kwa siku tatu, mwishoni huleta orodha: aliyeigiza, aliyeshika kamera, aliyepika. Majina yanapita haraka na watu wanaondoka, lakini yamo. Jiwe ni dogo, siyo filamu. Lakini herufi mbili za mchongaji na herufi mbili za msuguaji zinaenea chini ya kiboko chochote. Kwenye gunia kunaingia karatasi yenye orodha ndefu zaidi, pamoja na mchimbaji na shimo alilochimba. Gharama ni msumari mmoja. Kwa duka la mtandaoni gharama ni mstari mmoja zaidi. Ninajua, kwa sababu mistari hiyo niliiandika mimi, na kulikuwa na nafasi.

*

Januari niliwaandikia wale wa duka. Niliwaambia nimewajua waliotengeneza bidhaa namba 17, naweza kuongeza majina bure. Niliandika vizuri, kwa adabu, na samahani mbili. Jibu lilikuja baada ya siku tatu: asante kwa wazo, kwa sasa tumepata mwandishi mwingine. Kwa hiyo ule mkate wa shilingi 150 umeisha, na anayesoma haya akiwa na kibarua cha maneno, nipo.

Mwandishi mwingine, kama unasoma: najua kodi yako pia imechelewa. Sikulaumu kuchukua kazi. Lakini kabla ya kuandika "mafundi wa kale", waulize wanaokulipa maswali mawili. Ni nani? Alikufa lini?

Na wewe mnunuzi, sikuambii ulipe mara tano. Sikuambii uache kununua. Ukiacha, magokoro hana shilingi 15. Ninakuomba mambo madogo. Geuza jiwe uangalie chini. Kama hakuna kitu, uliza. Muuzaji akisema hajui, mwambie utarudi akijua, na urudi kweli. Akijua, lipa bei aliyosema bila kuipiga teke, na uandike hilo jina unapoweka picha. Maduka hubadilika pale swali moja linapoulizwa na watu wengi hadi linachosha.

Utaona kwamba katika makala haya yote sijaandika jina la nyanya yangu. Siyo unafiki. Nilimwomba ruhusa akakataa. Alisema hajawahi kuliona jina lake kwenye kitu alichokitengeneza, na hawezi kukubali mara ya kwanza iwe kwenye simu za watu. Jiwe kwanza.

Basi kabla sijarudi Nairobi, tuliketi nyuma ya jikoni, nikampa msumari. Alichagua kiboko kidogo cha waridi. Herufi ya kwanza ilitoka sawa. Ya pili ikapinda, msumari ukateleza hadi mguuni. Akaitazama, akatia jiwe kwenye karai, akachukua msasa, akafuta yote kwa dakika mbili, hata usingejua. Kisha akaanza upya. Alifuta mara tatu. Ya nne aliiacha, ingawa bado imepinda, akasema imetosha, giza linaingia.

Kiboko hicho kiliingia guniani na wengine. Sijui kiko wapi sasa. Ukikipata mezani mahali fulani, kina mikwaruzo chini kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Hakijaharibika. Usiombe upunguziwe.